Andika Sifuri, Mwanangu

Mama yangu hajawahi kuonja futari akiwa amefunga. Shehe mwenyewe alishamwambia, tena mbele yetu, kwamba mpishi ana ruhusa: anagusisha ulimi, anatema, na saumu yake iko palepale. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, akamfungia kaimati za kupeleka nyumbani, na alipokwisha kuondoka akasema, "Ruhusa ni ya mwenye shida. Mimi nina pua."

Na kweli alikuwa nayo. Tangu baba alipofariki, mama ndiye aliyepika futari ya msikiti wa mtaani kwetu, Mlandege, kwa ajili ya wasafiri, wazee wanaoishi peke yao na yeyote aliyekutwa na magharibi njiani. Aliinamia sufuria, akavuta pumzi huku amefumba macho, kisha akatoa hukumu: iliki imezidi, tangawizi bado, chumvi haijafika. Niliwahi kumwambia kwamba chumvi haina harufu, nilifundishwa shuleni. Akanijibu, "Labda kwako." Chumvi yake ilikuwa haikosei, kwa hiyo nilinyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu.

Kazi kubwa ya pua ile ilikuwa kwenye nazi. Babu yake mama alipanda huku bara kutoka pwani akiuza nguo, na tangu hapo ukoo wetu umezaliwa na kuzikwa Iringa. Wengi wetu bahari hatujaiona. Lakini mwambie mama ale magimbi bila nazi uone atakavyokutazama. Sasa nazi huku kwetu hufika kwa lori, zimelala njiani, zimepanda mlima wa Kitonga kwenye jua, na katika gunia hazikosekani zilizooza. Nje huwezi kuijua iliyooza. Mama alikuwa anaivunja, anainusa mara moja tu, na kama ni mbovu anaitupa bila hata kukata mazungumzo aliyokuwa nayo.

Shida ni kwamba Ramadhani haikai mahali pamoja, hurudi nyuma kila mwaka. Zamani ilituangukia kwenye miezi ya baridi, na pua ya mama ilikuwa wazi. Miaka hii ya karibuni imekuja kukaa juu ya msimu wa mahindi kutoa mbelewele, yale maua ya kileleni yenye vumbi la njano. Na Iringa mahindi si ya shambani peke yake. Yako nyuma ya choo, yako kando ya ukuta wa msikiti, yako mahali popote ambapo mtu hajaweka tofali. Upepo ukivuma kutoka bonde la Kalenga, vumbi lile la njano linaingia hadi kwenye kabati la vyombo. Msimu huo mama alikuwa anazibwa matundu yote mawili ya pua, anapumua kwa mdomo, na macho yanamwiva hata wapita njia wanampa pole wakidhani kafiwa.

Mimi binti yake naishi Mbeya, nauza mchele soko la Mwanjelwa. Nilikuwa nampigia simu, lakini si kila siku. Ukimwuliza hali anasema mzima kabisa, tena anasema kwa sauti ya mtu aliyeminywa pua kwa kibanio cha nguo. Sikumwamini, ila wateja walikuwa wamesimama mbele yangu, nami nikasema haya mama, tutaongea. Kisha shangazi, dada yake baba, akanipigia mwenyewe kabla ya mwezi kuandama. Akasema, "Mwaka huu njoo mapema. Mwaka jana chakula kilimshinda mama yako, na wanawake wa msikiti wanataka wamwombe apumzike."

Neno hilo nalijua. Kwetu mzee hafukuzwi, huombwa apumzike, na akishapumzika wiki mbili anaanza kulala mchana, na akianza kulala mchana mnajiandaa. Watoto wake tumetawanyika, baba yuko makaburini, na nyumba ina vyumba vingi kuliko watu. Kilichokuwa kinamwamsha mama alfajiri ni hesabu ya magimbi na nazi. Nilimwachia mdogo wangu meza ya mchele nikapanda basi nikiwa na hasira, ingawa sikujua nimkasirikie nani.

Nilimkuta keshajipatia suluhisho. Hospitali mjini walikuwa wanatafuta watu ambao pua zao huziba msimu wa mahindi, wawajaribishie dawa ya aleji. Mama alikwisha kupimwa, akakubaliwa, na siku ya kuchukua vidonge nikamsindikiza. Ukumbini tulikuta wakulima kutoka Kalenga, mwalimu mmoja aliyetoka Idodi, na akina mama wa mjini, kila mmoja na leso yake. Mmoja akipiga chafya, ukumbi mzima unamfuata. Mama alinikonyeza akaninong'oneza, "Hapa leo hakuna wa kumwambia mwenzake pole."

Daktari alikuwa binti mdogo, mzaliwa wa Kalenga, Mlutheri, mpole hadi unaogopa kumjibu kwa haraka. Alimwamkia mama shikamoo huku amepiga goti kidogo, akamkalisha, akaanza kueleza. "Mama, makopo ni ya aina mbili, na kwa nje yanafanana. Moja lina dawa tunayotaka kujua kama inafungua pua iliyoziba. Lingine vidonge vyake havina dawa yoyote ndani. Nani kapata lipi, hata mimi sijui."

"Hata wewe mwanangu hujui unachonipa?"

"Sijui, mama. Wanaojua wako mbali, na hawatatuambia mpaka tumalize wote."

Mama akafikiri. "Basi mimi na wewe tuko sawa," akasema. "Tumeze tu."

Masharti yalikuwa machache. Asijifukize majani ya mkaratusi wala asitie matone puani. Hilo halikumpa shida, kwa sababu mwezi wenyewe ungemkataza mchana kutwa. Ameze kidonge kimoja jioni akishafuturu. Na kila siku, baada ya alasiri, daktari angempigia simu kumwuliza pua imezibaje, naye ajibu kwa namba: sifuri ni haijaziba, moja ni kidogo, mbili ni sana, tatu ni imeziba kabisa hewa haipiti. Mama aliuliza mara mbili kama kweli atapigiwa kila siku. Aliposikia ni kweli, alirekebisha ushungi wake, na nikaona amefurahi kuliko alivyofurahia vidonge.

Mfungo ukaanza. Siku ya kwanza simu ilipolia nilikuwa nimekalia mbuzi nakuna nazi, na mama mikono yake ina unga, kwa hiyo nikaiweka sauti juu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kamwene."

Daktari alicheka kwa raha kusikia salamu ya kwao. "Kamwene mama. Habari za kushinda?"

"Njema tu. Habari za kazi? Na yule bibi yako uliyenitajia, hajambo?"

"Hajambo, mama. Na saumu?"

"Saumu tunaiweza."

"Na pua, mama, leo inasemaje?"

"Alhamdulillahi."

"Niandike ngapi?"

Mama alikuwa amefungua mdomo avute pumzi, maana kwingine kote hapakuwa na njia. Akasema, "Andika sifuri, mwanangu."

Niliacha kukuna. Nilingoja wamalize kuagana, na Wahehe na watu wa pwani wakiagana ni safari, ndipo nikamwuliza kwa nini amemdanganya binti wa watu. Mama alishangaa kwelikweli. "Nimemdanganya nini? Kanijulia hali, nimemshukuru Mungu."

"Kakuuliza pua!"

"Pua si ni hali?"

Kesho yake ikawa sifuri. Keshokutwa, sifuri. Binti akipokea ile sifuri sauti yake inachangamka, na mama akisikia imechangamka anachangamka naye. Nikamwambia mama wazi kwamba anaharibu kazi ya watu, kwamba ile ni hospitali, si baraza la kunywea kahawa. Hapo akaweka upawa chini.

"Sikiliza," akasema. "Mtoto huyu sikumzaa. Ananipigia kila siku, anauliza saumu, anauliza nimelalaje. Niliowazaa mimi wananipigia wakikumbuka. Leo nimwambie dawa yake haifai? Ningekuwa mtu gani?"

Iliniuma, nami nikiumwa huwa nafanya kazi kwa vurugu, kwa hiyo nazi ya siku ile ilikunwa hadi na kifuu chake. Lakini nilianza kuhesabu kichwani simu zetu zote, mimi niko Mbeya, yeye yuko Iringa, na kila mara jibu lake ni mzima kabisa. Nilikuwa nimepewa sifuri miaka yote na nikazipokea.

Kuhusu futari yenyewe, kwa siku hizo za mwanzo nilijitahidi kusimama karibu. Nilinusa nazi kabla hajazifikia, kwa kisingizio cha kumpunguzia kazi. Chumvi ilikuwa inayumba, leo nyingi, kesho hakuna, lakini chumvi ikiyumba watu husingizia njaa. Wanawake waliokuja kusaidia walitazamana, na mmoja wao, jirani wa nyumba ya pili, alikuwa hodari wa kusifu kuliko wote. Kadiri chakula kilivyozidi kuharibika ndivyo sifa zake zilivyopanda.

Halafu ikaja siku ya wageni. Wafanyabiashara wenzangu kutoka Mbeya walikuwa wanapita kwenda Dar es Salaam kufuata mzigo, na mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nilikuwa nimewaambia wakifika Iringa wafuturu kwa mama yangu waone magimbi ya nazi. Mama alipika kwa moyo. Alasiri ile alinituma sokoni nikaongeze tende, na foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi nazi zilikwisha kukunwa, tui limekamuliwa, na sufuria linachemka. Niliinama ninuse, lakini moshi wa kuni ulinijaa machoni, na adhana ilikuwa karibu, basi nikaenda kupanga sahani.

Tulifungulia tende na maji, tukanywa uji, kisha tukapakua magimbi. Tonge la kwanza nilidhani nimetafuna sabuni. Ilikuwa nazi iliyooza, si kwa kubahatisha, ile yenyewe ambayo mama alikuwa anaitambua kabla ya kufungua macho. Tui lote lilikuwa limeshika ladha ile. Nikainua uso. Upande wetu wa wanawake kila mtu alikuwa anatafuna polepole, anatazama sahani. Yule jirani wa nyumba ya pili akameza, akavuta pumzi, akasema, "Mashallah, mama, leo umetuweza."

Mama akatabasamu akaongeza kijiko. Alikuwa anakula kwa hamu ya mtu aliyefunga kutwa, na uso wake ulikuwa umetulia, maana ulimi bila pua haujui kitu. Alikula sahani yote, akafuta pembeni kwa kidole. Nilimwonea huruma ambayo sijawahi kumwonea mtu, na nikawachukia wote waliokuwa wanatabasamu, mimi nikiwa mmojawao. Upande wa wanaume mabakuli yalirudi yamejaa nusu, yamefunikwa vizuri na sahani juu. Aliyeyaleta alisema wageni wameshukuru sana, wameshiba.

Asubuhi nilikwenda kuwamwagia bata yale mabaki. Bata walikuja mbio, wakagusa, wakaondoka. Mama alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu.

"Mbona unamwaga neema?"

Nikageuka. Nilikuwa nimekusudia kutafuta maneno, lakini mimi maneno ya kutafutwa sina. Nikasema, "Mama, nazi ilikuwa mbovu. Chakula chote cha jana kilikuwa kibovu."

Alinitazama kama hajanielewa. Kisha akachukua bakuli mkononi mwangu, akaliinua hadi usoni, akafumba macho kama afanyavyo siku zote, akavuta. Nilisikia pua yake ikikwama. Akageuza uso, akajaribu upande mwingine, akavuta tena. Kuonja asingeweza, alikuwa amefunga. Akafumbua macho.

"Sisikii kitu," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo kwa mtu yeyote. Alikaa juu ya mbuzi ya nazi, palepale uani, bakuli mapajani.

"Wote walikula?"

"Walikula, mama."

"Na wageni wako?"

"Nao."

"Na jirani akanisifu."

"Alikusifu."

"Kwa nini lakini?"

"Kwa sababu wanakupenda," nikasema. "Na wanakuheshimu. Nani angeanza?"

Bata walikuwa wanarudi kunusa tena, kama vile walidhani wamekosea. Nilikuwa najiandaa kumwambia lile la daktari, lakini alinitangulia. Akasema taratibu, "Basi hivi ndivyo ninavyomfanyia yule mtoto."

Hakungoja alasiri. Alinitaka nimpigie muda uleule, na daktari akapokea kwa wasiwasi. "Mama! Kuna nini, unaumwa?"

"Shikamoo yako nimeipokea," mama akasema, ingawa hakuwa ameamkiwa. "Andika tatu."

"Leo?"

"Leo na jana na zile zote za nyuma. Kuna siku ilikuwa mbili. Sifuri haijawahi kuwa. Jana nimewalisha watu nazi iliyooza, nikala na mimi, sikujua."

Binti akauliza, kwa sauti ndogo, "Mama, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanijulia hali, mwanangu. Mtu akikujulia hali unaanza na shukrani. Kumbe wewe ulikuwa kazini."

Daktari alianza kucheka, na katikati ya kicheko nikasikia kwamba hacheki. Akasema, "Bibi yangu huko Kalenga ni hivyohivyo. Alikuwa na jino bovu shavu limevimba, ukimwuliza anakwambia kamwene, sijambo. Nilipaswa kujua mimi." Alimweleza mama kwamba zile sifuri hawezi kuzifuta, hairuhusiwi, ila ataandika pembeni yake maneno aliyoyasikia leo, kama yalivyo. Halafu akasema jambo lililonifanya nimpende: "Wazee wangu karibu wote wananiambia sifuri. Nilishaanza kufurahi. Itabidi nirudi kwao mmoja mmoja."

Mama alimwombea dua ndefu. Alipokata simu alikuwa amelowa machozi, na safari hii hayakuwa ya mahindi.

Tangu siku hiyo simu za alasiri zilibadilika. Daktari alikuwa anaamkia, anauliza saumu, anauliza usingizi, anapokea salamu za bibi yake, anamaliza adabu yote mpaka mwisho. Halafu anasema, "Mama, salamu tumemaliza. Sasa tunaongea habari za pua." Na mama, aliyekuwa amekwisha kumshukuru Mungu mahali pake, anajibu tatu, au mbili, au tatu inayokaribia mbili, na daktari anamwambia hakuna tatu inayokaribia mbili, achague. Walikuwa wanabishana kama watu wa sokoni. Nilikuwa nakuna nazi yangu kwa amani.

Lakini sufuria lilikuwa bado halijapona. Siku ileile ya kumwaga magimbi, wanawake walipokuja kusaidia, niliwaona wamemtanguliza shangazi mbele, na shangazi amefunga kitambaa kichwani vizuri kama mtu anayekwenda kuposa. Nilijua wamekuja na lile neno lao. Mama naye alijua. Akawawahi.

"Jana nimewalisha uozo," akasema. "Msinikatize. Nazi mbovu harabu ya nzima, na mimi niliitia kwa mkono wangu. Pua yangu imeziba tangu mahindi yalipoanza kutoa mbelewele. Mkitaka kuniondoa kwenye sufuria hili, niondoeni leo, mchana, niwasikie. Mkitaka nibaki, basi nitawaomba kitu kimoja. Mniambie."

Kuni zilikuwa zinalia. Mama akawatazama mmoja mmoja, akaendelea kwa sauti ya chini, kwa kuwa wanaume walikuwa karibu na ukuta. "Na humu ndani najua kuna mwenye udhuru wake leo. Kila mwaka mnajificha, mnakula nyuma ya mlango kama paka. Mwenye udhuru asione haya kwangu. Aje aonje."

Katika mambo ya Ramadhani nyumbani kwetu, hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa kwa sauti. Mwanamke aliye katika siku zake hafungi, kila mtu anajua, na kila mtu anajifanya hajui. Mama mwenyewe alituchunga hivyo tangu tukiwa wasichana. Wanawake waliangalia chini. Kisha bibi harusi mmoja wa mtaani, aliyeolewa muda si mrefu na alikuwa hata hajazoea kusema mbele ya watu, akainuka. Akachukua kijiko, akachota maharage yaliyokuwa jikoni, akapuliza, akaonja. Alimtazama shangazi, akamtazama jirani wa nyumba ya pili.

"Sema," mama akamwambia.

"Mama, chumvi imezidi."

"Imezidi?"

"Sana, mama. Samahani."

Mama akainua viganja viwili, akasema, "Alhamdulillahi," na kwa namna alivyoisema, shangazi akafungua kitambaa chake, akaketi, akaanza kumenya vitunguu. Neno la kupumzika halikusikika tena mwaka ule. Jirani wa nyumba ya pili ndiye aliyeongeza maji kwenye maharage, na alipoonja baada ya magharibi alisema sasa yamepungua chumvi. Kwake yeye hayo yalikuwa matusi makubwa, na tulicheka hadi mama akakohoa.

Kwa siku zilizobaki sufuria lile lilikuwa na pua nyingi. Mimi nilinusa nazi, waliokuwa na udhuru wao walipokezana kuonja, na mama alisimama na upawa akiamuru. Chakula hakikuwa kitamu kama cha zamani. Nasema kweli, kwa sababu ameniambia niseme. Kilikuwa chakula cha kawaida, na mabakuli yalirudi matupu.

Majibu ya utafiti yalichukua muda mrefu kuja. Mimi nilikwisha kurudi Mbeya, na mama akanipigia yeye mwenyewe. Daktari alikuja nyumbani kumwambia kwamba kopo lake lilikuwa lile lisilo na dawa. Mama alicheka simuni hadi nikashindwa kumsikia. "Nilikuwa nameza unga na kuusifu!" akasema. Kisha akanieleza kwa makini, kama alivyoelezwa, kwamba angeendelea na sifuri zake, na wenzake wenye vidonge vitupu wakaendelea na zao, basi hata kama dawa ya kweli ingekuwa imewasaidia watu, isingeonekana imesaidia kitu, na mtu mwingine mahali pengine angekosa dawa kwa sababu ya adabu ya Mlandege. Nilimwuliza kama ile ya kweli ilifungua pua za watu. Akasema iliwasaidia baadhi, si wote, na chafya ilizipunguza zaidi kuliko ilivyofungua pua, na binti alisema ukweli huo bila kuona haya. "Nami nikamwambia, hivyohivyo, mwanangu," mama akasema.

Ila hayo ni ya baadaye. Mimi ninayoikumbuka zaidi ni simu ya mwisho, siku chache kabla ya Idi. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha mfululizo, mbelewele zilikuwa zimelowa na kuinama, na vumbi la njano limeoshwa hadi mitaroni. Nilikuwa nimeinjika mafuta, nimetia vitunguu, simu ikalia, nikaiweka sauti juu na kusogea karibu ili nisikie vizuri. Walisalimiana kwa urefu kuliko siku zote, kwa kuwa ilikuwa siku ya kuagana. Mama alimwombea mume. Daktari alimwombea mfungo ukubaliwe.

"Mama," daktari akasema, "salamu tumemaliza. Pua leo ngapi?"

Mama alifungua mdomo ajibu. Akaufunga. Akainua kidevu, akageuza uso taratibu kuelekea jikoni, na macho yake yakajifumba yenyewe.

"Ngoja kidogo, mwanangu," akasema. Kisha akanigeukia kwa ukali. "We! Vitunguu vinaungua!"

Niliruka. Kweli, ukingoni vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi, na mimi mwenye pua nzima, niliyekaa hatua chache tu, sikuwa nimesikia. Nililiteremsha sufuria kwa upande wa kanga, nikabaki nimelishika pale, sijali moto, naangalia mgongo wa mama.

"Mama?" sauti ya simu ikaita. "Umesikia harufu? Mama, umesikia?" Binti alikuwa anapiga kelele kwa furaha. "Basi niandike sifuri?"

Mama akaziba tundu moja la pua kwa kidole, akavuta. Akaziba la pili, akavuta tena. Akafikiri.

"Hapana," akasema. "Andika moja, mwanangu. Kushoto bado."